Watathmini wawili wa elimu ya nyumbani Pennsylvania: wa kwanza nyota mbili, wa pili nne na nusu

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma haya simu mkononi na tarehe 30 Juni inabisha hodi, siku ya mwisho ya kupeleka hati ya mtathmini, yaani mtu wa nje anayekagua kazi za watoto tunaowasomesha nyumbani. Mtathmini wa kwanza nilimlipa dola 75 kwa watoto wawili, na simrudii. Wa pili nilimlipa dola 110 kwa watoto walewale, na mwezi wa pili mwaka huu nimeshamwandikia anishikie nafasi. Majina yao sitaji. La kwanza kwa sababu sitaki ugomvi, la pili kwa sababu ni mama mtu mzima anayefanya kazi hii kwenye meza yake ya kulia, na nikimtangaza hapa mimi mwenyewe ndiye nitakayekosa nafasi.

Tunaishi kaunti ya Lancaster. Mimi ni mtu wa Tanga. Mama watoto ni muuguzi wa zamu za mchana, mimi napakia mizigo ghalani usiku nne kwa wiki, kwa hiyo asubuhi hadi alasiri niko nyumbani, nusu macho nusu usingizi. Tulipowatoa watoto shule, binti alikuwa anaingia darasa la sita na mdogo wake la pili. Sababu zetu ni zetu. Hapa nazungumzia huduma moja tu, ambayo sheria ya Pennsylvania inakulazimisha uinunue kila mwaka lakini inakuachia umtafute muuzaji mwenyewe. Humo ndimo nilimochomwa mara ya kwanza.

Kwa mgeni wa mambo haya: kusomesha watoto nyumbani katika jimbo hili kuna sheria yake tangu 1988, watu wanaiita Sheria ya 169. Si kila jimbo liko hivi. Shemeji yangu wa Houston hunicheka kila tukizungumza, kwa sababu Texas shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi na yeye hapeleki barua kwa mtu yeyote. Hata New Jersey, ng'ambo tu ya mto Delaware, hulazimiki kumtaarifu mtu. Sisi wa upande huu tunaapa.

Tunaapa kweli. Kabla hujaanza, na kila mwaka baada ya hapo ifikapo tarehe 1 Agosti, mzazi msimamizi anapeleka hati ya kiapo kwa mkuu wa wilaya ya shule anakoishi. Watanzania wenzangu, huyu si mkuu wa wilaya yule tunayemjua, anayeteuliwa na Rais. Huyu anasimamia shule tu. Nilipomwambia mama yangu kwa simu kwamba nimeandika kiapo kwa mkuu wa wilaya, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza taratibu, "Umefanya nini, mwanangu?"

Ndani ya hati unaandika majina na umri wa watoto, anwani na simu, malengo ya kila somo, unaambatanisha ushahidi wa chanjo na huduma za afya, na unaapa kwamba hakuna mtu mzima ndani ya nyumba aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani yaliyoorodheshwa ndani ya miaka mitano iliyopita. Unaapa pia kwamba masomo yatafundishwa kwa Kiingereza. Hilo lishikeni, tutalikuta tena mbele. Msimamizi mwenyewe lazima awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Mimi nilitumia GED, mtihani wa Marekani unaolingana na cheti hicho, niliyoifanyia hapahapa, kwa kuwa cheti changu cha kidato cha nne kiko ndani ya sanduku la bati Tanga na hakuna anayejua ufunguo uliko.

Kuhusu afya nitasema neno moja: darasa la tatu na la saba ni madarasa ya kupimwa meno, na mwaka jana watoto wangu walikuwa mmoja la tatu na mmoja la saba. Mfuko unakumbuka.

Mthibitishaji wa kiapo anapata nyota tano bila mjadala. Pennsylvania wathibitishaji wengi wamekaa kwenye maduka yanayoshughulikia namba za magari, na wa kwangu yuko katikati ya foleni ya watu wa pikipiki na mabibi walionunua gari la mtumba. Ada ya kiapo ni dola 5. Mwaka wa kwanza nilipeleka hati moja. Mwaka wa pili nilikuwa na mbili, kwa kuwa binti alifika darasa la saba, na darasa la saba huku linahesabika ni sekondari, lina orodha yake ya masomo. (Sisi tuliomaliza la saba kwa mtihani wa taifa na viatu vya kuazima, jambo hili linachukua muda kuingia kichwani.) Dola 10, mihuri miwili, dakika sita. Aliniuliza kama nina gari la kusajili. Sina. Akasema sawa, anayefuata.

Sasa watathmini.

Mwisho wa mwaka sheria inataka mtu wa nje aangalie jalada la kazi za mtoto, amhoji mtoto mwenyewe, kisha aandike hati kwamba elimu inayofaa inafanyika. Hati hiyo ndiyo inayokwenda kwa mkuu wa wilaya, isizidi tarehe 30 Juni. Mtathmini anaweza kuwa mwanasaikolojia wa kliniki au wa shule mwenye leseni, au mwalimu mwenye cheti cha Pennsylvania, au mwalimu au mkuu wa shule isiyo ya serikali, na hao wa ualimu wanatakiwa wawe na uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka miwili. Hawezi kuwa msimamizi mwenyewe wala mke au mume wa msimamizi. Wanaofikiria kuoa mwalimu ili kuokoa dola mia, mlango huo umeshafungwa.

Yule bwana wa kwanza nilielekezwa na mzazi mwenzangu. Sifa zake kikaratasi zilikuwa kamili, mwalimu wa miaka mingi. Kazi yake anaifanya kwa simu ya video. Nilimpigia Aprili, akaniambia niandae mambo manne, na mimi, kwa ugeni wangu, nikayaandika yote kwenye daftari kama mwanafunzi wa chuo.

La kwanza, jedwali la saa za masomo kwa kila siku, kila somo, mpaka zifike 900. Pili, matokeo ya mtihani wa kupimwa kitaifa kwa watoto wote wawili. Tatu, niskani jalada zima nilipeleke ofisi ya wilaya pamoja na hati yake. La nne alilisema baadaye, nilipomtumia picha za kurasa chache: niondoe karatasi zote zenye "lugha nyingine", kwa sababu sheria imesema Kiingereza.

Nilianza jedwali. Nilikaa wiki mbili najaribu kukumbuka kama Jumatano moja ya Oktoba tulifanya sayansi kwa dakika arobaini au hamsini. Mama watoto akaniangalia, akasema, "Baba Mwana, wewe unatunga." Kweli nilikuwa natunga, na ninatunga kwa ajili ya karatasi ya kisheria. Usiku huohuo kazini, mapumziko ya saa nane, nikakaa juu ya paleti nikafungua kifungu chenyewe cha sheria kwenye simu. Ningekuwa nimekisoma tangu mwanzo ningejiokolea mvi.

Sheria inasema siku 180 za masomo, au saa 900 kwa msingi, au saa 990 kwa sekondari. Ni "au". Mwenye kuhesabu siku hahitaji kuhesabu saa, na mimi siku nilikuwa nazo zote, zimewekewa alama kwenye kalenda ya bure ya duka la dawa. Mtihani unatakiwa darasa la tatu, la tano na la nane. Wangu walikuwa la pili na la sita! Kuhusu kupeleka jalada ofisini, hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Mwaka 2014 ilirekebishwa kwa Sheria ya 196, na tangu hapo jalada linaishia kwa mtathmini, wilaya inapokea hati tu. Yule bwana alikuwa anatathmini kwa sheria ambayo ilishavuliwa viatu miaka mingi.

Nilipomwambia, kwa adabu, alisema anapenda kuwa na uhakika. Mimi pia napenda kuwa na uhakika, ndiyo maana nilikuwa nimemlipa kabla.

Mahojiano yenyewe yalikuwa dakika kumi na mbili kwa watoto wawili. Kamera yake aliizima baada ya salamu. Alimuuliza binti yangu kama anapenda kusoma, akasema ndiyo. Akamuuliza mdogo kama anapenda kusoma, akasema anapenda papa. Basi. Jalada nilikuwa nimelitengeneza miezi kumi, lina unene wa matofali mawili, akaniambia nimwonyeshe kurasa tatu.

Hati ilifika kwenye barua pepe tarehe 29 Juni saa tatu usiku, na binti yangu kaandikwa darasa la tano. Nilipiga simu mara nne. Asubuhi ya tarehe 30 akarekebisha, nikachapisha maktaba kwa senti kumi, nikaendesha gari mpaka ofisini na jasho la mtu anayekimbiza basi la Korogwe. Karani alipokea akiwa anakula tufaha. Kwake ilikuwa siku kama nyingine. Kwangu ilikuwa ni karatasi ambayo ikikosekana inaleta barua ya rejista mlangoni na siku 10 za kuipeleka, na mkuu wa wilaya akiingiwa na shaka ya msingi anaweza kukupa siku 30 ulete hati nyingine ya mtathmini.

Nyota mbili nimempa kwa sababu hati ilipatikana, na bei yake ni nafuu. Anayetaka muhuri tu atatosheka naye. Lakini asikubali kutunga saa.

Karatasi moja kati ya zile alizoniondolesha niliiweka kwenye droo ya vijiko. Sikujua kwa nini niliiweka.

Mwaka uliofuata nilibadilisha namna ya kutafuta. Sikuuliza bei kwanza. Kila niliyempigia nilimuuliza mambo matatu: unataka siku au saa? Mtihani unautaka madarasa gani? Jalada linakwenda wapi baada yako? Wawili walijikwaa kwenye swali la tatu. Mama huyu wa pili alijibu yote kwa sentensi moja, kisha akaniuliza yeye: "Na wewe unaandika daftari la kumbukumbu kila siku, au unangoja Mei?" Nikajua nimefika.

Anaishi nje ya mji, njia ya mashamba, unapishana na vigari vya farasi vya Waamishi, jamii ya Kikristo isiyoendesha magari, mpaka unaanza kuendesha kwa adabu. Hapokei kwa video. Unakwenda kwake na watoto na jalada, unavua viatu mlangoni (hilo tu lilinifanya nimpende), unakaa mezani. Ana miwani ya kamba na penseli aliyoichonga kwa kisu.

Alianza na daftari. Sheria inataka kumbukumbu iandikwe kadiri masomo yanavyokwenda, yenye majina ya vitabu na vifaa vya kusomea vilivyotumika. Wengi wanalichukulia hili kama urembo. Yeye alipita na kidole mstari kwa mstari, na pale nilipoandika "kitabu cha sayansi" bila jina alinisimamisha. Kipi? Nikataja. Akanipa penseli nikaandike mbele yake. Mara tano hivi. Nilijisikia kama nimerudi darasani kwa mwalimu wa hesabu aliyekuwa anavaa kofia ya kiua, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Kisha akafika kwenye jina la kitabu cha Kiswahili. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kujitetea. Usiku kucha nilitunga hotuba. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia kijana wa darasa la tatu, akamuuliza hiki ni kitabu gani. Mtoto akasema ni hadithi za sungura na fisi, anasoma na bibi kwa simu kila Jumamosi. Akamwomba amsomee kipande, na begi la jalada lilikuwa na kitabu chenyewe, akasoma ukurasa mzima, akafuata kwa kumweleza kwa Kiingereza fisi alivyonaswa. Mama yule akasikiliza mpaka mwisho bila kuelewa neno la ile nusu ya kwanza. Akaandika kwenye karatasi yake. Nilichungulia: "Lugha ya kigeni: Kiswahili."

Nikameza mate. Kiswahili, kwa mtoto wa Tanga, lugha ya kigeni! Lakini alikuwa sahihi, na alinieleza kwa nini. Masomo ya lazima yanafundishwa kwa Kiingereza, na ya kwetu yanafundishwa kwa Kiingereza, ushahidi umejaa kwenye jalada. Kinachozidi hapo ni cha msimamizi kuamua. Kwa sekondari sheria yenyewe inataja lugha za kigeni kati ya masomo unayoweza kuongeza kwa hiari yako. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzificha kurasa za Kiswahili kana kwamba ni magendo. Mwaka mzima nilikuwa nazificha.

Ndipo nikakumbuka droo ya vijiko. Karatasi ile nilikuwa nimeibeba mfukoni mwa jalada, nyuma kabisa. Nikaitoa.

Ilikuwa kazi ya mwaka wa nyuma, ya darasa la pili, mchoro wa chapati. Siku ile nilikuwa nafundisha sehemu na mtoto haelewi, ananung'unika, njaa inamuuma, nami nina usingizi wa ghala. Nikakata chapati halisi vipande vinane. Akaichora, na kila alipogawanya akaandika jina tulilolisema mezani: nusu, robo, thumni. Chini yake, kwa Kiingereza chake cha miaka saba, akaeleza kwamba thumni mbili ni robo na robo mbili ni nusu na kwamba thumni moja imeshaliwa.

Mama yule akaishika kwa mikono miwili. Akamuuliza neno hili la tatu linasomwaje. "Thu-mni." Akajaribu, akashindwa na ile "mn", mtoto akamrudishia taratibu kama anavyofundishwa na bibi yake. Akauliza linatoka wapi. Hapo nilijibu mimi, kwamba lina asili ya Kiarabu, sehemu moja ya nane, na kwetu pwani lilikuwa pia jina la sarafu ya senti hamsini, ila sarafu hiyo ni nusu ya shilingi na si sehemu ya nane, na nikaona naanza kujichanganya mwenyewe. Akacheka. Akaandika neno lenyewe pembeni mwa karatasi yake, kwa herufi kubwa, akalipigia mstari. Haliingii kwenye hati yoyote, aliliandika kwa ajili yake.

Kuhusu maendeleo ana njia yake. Sheria inataka mtoto aonyeshe maendeleo endelevu katika programu nzima, maneno ambayo unaweza kuyazungusha unavyotaka. Yeye anatoa insha tatu za mtoto mmoja, ya Septemba, ya Januari na ya Mei, anazilaza sambamba mezani, na anamwomba mtoto mwenyewe amwonyeshe kilichobadilika. Binti yangu, ambaye haongei na watu, aliangalia ya Septemba akasema, "Hii sijui nukta ziko wapi." Ilikuwa kweli, ukurasa mzima una nukta moja.

Akamuuliza historia ya Pennsylvania, kwani nayo iko kwenye orodha ya lazima pamoja na ya Marekani. Binti akamwambia kwamba Lancaster iliwahi kuwa mji mkuu wa nchi kwa siku moja, tarehe 27 Septemba 1777, Bunge lilipokimbia Waingereza waliokuwa wanaingia Philadelphia, kisha likavuka Susquehanna kwenda York. Halafu akaongeza kwamba sisi tulipofika tulihama nyumba mara tatu kwa mwezi mmoja kwa hiyo anawaelewa.

Mdogo wake aliulizwa kuhusu moto. Huenda hamkujua: hatari za moto na namna ya kuzuia ni somo kamili katika sheria ya jimbo hili, limetajwa kwa jina, na linatakiwa kufundishwa mara kwa mara. Mtoto hakusubiri kueleza. Alijitupa juu ya zulia la watu, akafunika uso kwa viganja, akabingirika mpaka kwenye kigoda, kigoda kikaanguka, paka akatoroka kupitia jikoni. Nilisimama kuomba radhi. Mama yule hata hakuinua kichwa, alikuwa anaandika.

Dakika arobaini na tano kwa kila mtoto. Na si kwamba alitusifu tu. Kazi za sanaa nyingi hazikuwa na tarehe, akanirudishia nizipange. Muziki ulikuwa dhaifu. Kwa binti nilikuwa na ukurasa mmoja wa kaswida na tiketi ya tamasha la bure. Akasema inatosha kwa mwaka huu, lakini akanifungua macho: tangu sheria ya 2022, mtoto wa elimu ya nyumbani anaweza kuingia baadhi ya masomo ya shule ya wilaya yake, hadi angalau robo ya siku ya shule, na shughuli kama bendi. Tena nikiomba, wilaya inatakiwa kuniazima vitabu vyake. Miaka miwili nilikuwa nanunua vitabu vya hesabu. Sasa binti anakwenda bendi, anapiga klarineti, na majirani wa chini wananisalimia kwa ufupi zaidi.

Mtihani wa kijana wangu wa darasa la tatu tulikuwa tumeshaufanya Aprili. Ungeweza kwenda shuleni kufanya PSSA, mtihani wa jimbo, lakini nilichagua California Achievement Test, upo kwenye orodha inayokubalika. Sheria haimruhusu mzazi kuusimamia. Mwalimu wake wa madrasa akakaa naye sebuleni, mimi nikafukuziwa jikoni nikaosha vyombo vya siku mbili. Kusoma na hesabu tu ndivyo vinavyotakiwa. Mtathmini aliyaangalia matokeo, akayarudisha kwenye jalada, hakusema kitu. Nilitaka aseme kitu.

Nusu nyota nimemkata kwa mambo haya. Anapokea pesa taslimu au hundi tu. Nafasi zake zinakwisha katikati ya Mei, na ukichelewa unaishia kwa yule bwana wa video. Mwenye pumu ajihadhari na paka. Na hati hapeleki yeye, anakupa mkononi kwenye bahasha. Kuipeleka ni kazi yako. Kwangu si tatizo, nilishaijua njia ya ofisi. Safari hii nilifika tarehe 11 Juni, nikaomba karani anigongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akagonga. Hakuwa anakula kitu.

Bei ni kubwa kuliko ya yule mwingine kwa dola 35. Ukihesabu wiki mbili za kutunga saa, mafuta ya kukimbizana na hati yenye makosa, na bei ya vitabu ambavyo ningeazima, mimi ndiye ninayemdai yule wa kwanza.

Mwaka huu binti yuko la nane, kwa hiyo mtihani ni wake. Mama yule ameshanijibu: tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, watoto wote wawili. Chini ya ujumbe ameongeza mstari mmoja, neno la mwisho ameliandika bila kukosea hata herufi. Anasema tukija, tumletee thumni nane.